Chungu cha Midomo Miwili

Shija mwanangu,

Sitakuuliza hali, maana asubuhi tumekunywa chai meza moja na hali yako naijua. Umekwenda kuaga majirani, mama yako yuko jikoni anakukaangia karanga za safari, na mimi nimekaa huku kwenye matofali, nimeweka kipande cha ubao magotini. Jua bado kali. Treni ni kesho. Mambo ya kulinda begi, ya kutokulala ukapitwa na Tabora, ya kupiga simu ukifika Dodoma, mama yako ameshayasema na kesho atayasema tena stesheni. Mimi nayaruka.

Nataka kukuandikia habari ya bibi yako na lile jambo la dukani kwa Salumu. Najua hupendi liguswe. Lakini unakwenda kwenye karakana ya watu waliokuita baada ya kuona picha ya chungu kilekile cha dukani, na wamekwambia waziwazi kwamba wanataka uwafanyie vingine vya namna hiyo. Sitaki uende na nusu ya habari.

Siku ile bibi yako alikuwa ametoka Kibaoni kuja kliniki ya macho hapa Mpanda. Akapita sokoni kumsalimia Salumu, kwa kuwa ni Salumu anayechukua vyungu vyake na vyako kuwapelekea wageni wa mbugani kule Sitalike. Akakuta chungu cha midomo miwili kwenye rafu, kimechorwa vizuri, kila mdomo umechomekwa maua ya plastiki. Salumu mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Bibi yako alikigeuza, akapitisha kidole kwenye michoro, akauliza, "Hiki cha watoto wa nani?"

Salumu akamjibu, "Hicho cha kuuza, mama. Kazi ya mjukuu wako hiyo. Wazungu wanavipenda kweli."

Bibi yako akakaa kwenye ngazi ya duka. Salumu alidhani ni macho, akamletea maji.

Yaliyofuata hapa nyumbani unayajua, ila ngoja niyaandike nilivyoyasikia mimi. Alikuuliza, "Umemchora nani, Shija?" Ukamwambia hujamchora mtu, ni urembo. Akasema, "Mimi kwenye chungu hicho sijawahi kuchora urembo." Ndipo ukasema, "Bibi, kile cha kwanza kilipasuka na Doto akafa. Kingekuwa na kazi yoyote angekuwepo."

Bibi yako aliinuka. Alifunga kitenge chake, akalala bila kula, asubuhi akapanda basi la Kibaoni. Tangu hapo mmekuwa mnasalimiana kwenye simu kama watu wa ofisini.

Mimi nilikuwa nimekaa palepale, na sikusema kitu. Mtu akiniuliza kwa nini, nitamwambia kwamba nilishangaa kusikia maneno yangu mwenyewe yanatoka kinywani mwako. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Habari ya Doto umeipata vipande vipande, na kipande ulichokishika ndicho nilichokuwa nakirusha mimi miaka ile.

Basi sikiliza.

Nilipomwoa mama yako nilikuwa fundi matofali kama ulivyonikuta, ila nilikuwa na kiburi zaidi. Tanuru langu lilikuwa linasifiwa. Ukigonga tofali langu lililia kama kengele. Mama yako naye alikuwa mfinyanzi, na mzuri. Hilo hulijui vizuri kwa sababu hujawahi kumwona na udongo mkononi, lakini vile vyungu vilivyokuwa vinamalizika mapema mnadani Kibaoni, vya shingo nyembamba, vilikuwa vyake, wala si vya bibi yako. Bibi yako mwenyewe alikuwa anasema, "Huyu kanipita."

Tukapata mapacha, Kulwa na Doto. Kwa upande wa mama yako, mapacha wakizaliwa mkubwa wa wafinyanzi wa ukoo, naye ni bibi yako, hutengeneza chungu kimoja chenye shingo mbili na tumbo moja, akakichora. Watoto wakitolewa nje, uji wa watu wote unapita humo, mdomo huu na mdomo huu. Kwetu Wakonongo tuna mambo yetu ya mapacha, lakini chungu cha hivyo sikuwahi kukiona. Nilikipenda. Bibi yako alikileta hapa kikiwa kimekauka lakini hakijachomwa, akisema atakichomea hapahapa ili mama yako aone, maana bado alikuwa hatoki ndani.

Wewe unajua wanavyochoma. Majani makavu, magome, kinyesi cha ng'ombe, moto wa wazi, saa chache umekwisha. Mimi nikautazama moto ule wa majani nikaona ni mchezo wa watoto. Nilikuwa nina tanuru limepangwa, kesho yake naliwasha. Nikamwambia, "Mama, hiki tukiweke katikati ya matofali. Kitatoka chuma."

Akasema, "Baba, udongo wa chungu si wa tofali."

"Moto ni moto, mama."

Alikuwa ni mkwe wangu, mimi ndiye mwenye nyumba, na ugeni ule wa ukwe ulikuwa bado mwingi. Hakubishana. Nikakiweka. Matofali yangu yalikuwa hayajakauka sawasawa, yakatoa mvuke, halafu nikaongeza kuni kwa sifa. Tulipofungua, chungu kilikuwa cheusi, ile rangi nyekundu aliyoisugua kwa kokoto siku nzima haionekani, na ufa umepita pale shingo mbili zinapokutana. Nilikishika kikabaki vipande viwili.

Nilitegemea atanilaumu. Aliokota vile vipande, akasema atavitwanga avichanganye kwenye udongo mpya, kama wanavyofanya siku zote ili udongo usipasuke. "Mvua ikikatika nitakileta kingine," akasema. Akarudi Kibaoni.

Kabla mvua haijakatika Doto akashikwa na homa. Hatukuchelewa. Naandika hili kwa sababu najua umewahi kujiuliza. Tulimpeleka hospitali usiku uleule homa ilipopanda, akawekewa dripu, mama yako hakutoka pembeni yake. Malaria ilikuwa imepanda kichwani. Madaktari walihangaika naye, akafa.

Msibani shangazi yangu mmoja, marehemu sasa, alikaa kwenye mkeka akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Chungu kikipasuka mtoto anabaki?" Mimi nikayameza maneno yale.

Sijui kama utanielewa. Mtu akifiwa na mtoto anatafuta mahali pa kuweka mkono. Kusema ni malaria hakukunipa mahali. Kusema ni chungu kulinipa, kwa sababu chungu nilikivunja mimi. Ilikuwa afadhali niwe na kosa kuliko kuwa sina la kufanya. Lakini kosa likaniwia zito, nikaanza kulisukuma kidogo kidogo, kwanza kwenye tanuru, halafu kwenye chungu, halafu kwa aliyekileta. Mwisho nikawa nasema, mbele ya watu, kwamba mambo ya vyungu ndiyo yaliyotuletea balaa.

Baada ya arobaini bibi yako akaja. Alikuja na basi amekipakata chungu kingine, amekifunga kwa kitenge. Akakifungua pale barazani. Kilikuwa kizuri kuliko cha kwanza. Shingo mbili, na zote mbili zimechorwa sawasawa, madoa kama ya ndege kanga kuzunguka, chini yake mstari mwekundu unaoshukia tumboni.

Nikamwambia, "Mama, mtoto sasa ni mmoja. Mdomo wa pili ni wa nani?"

"Wa Doto."

"Doto hayupo."

"Alikuja, baba. Tulimwona wote."

Nikamwambia mambo ya vyungu ndiyo yaliyotuletea balaa, na chungu hicho hakiingii ndani ya nyumba yangu. Nikaongeza kwamba sitaki udongo wa kufinyanga kwenye kiwanja changu tena, uwe wa nani. Mama yako alikuwa amesimama mlangoni amembeba Kulwa. Nilisubiri anipinge. Hakunipinga. Bibi yako alilala, kesho yake akakifunga kitenge, akaondoka nacho.

Na mama yako akaacha kufinyanga. Mimi sikumwambia acha, nilisema kiwanjani kwangu hapana, nikidhani ni maneno ya siku mbili. Yeye alichukua vifaa vyake, kile kipande cha kibuyu cha kukwangulia, yale magunzi na kokoto zake, akampa mwanamke wa jirani. Nilipomwona anavigawa ningeweza kusema neno. Nilipita kwenda kumwagia matofali maji.

Katika nyumba hii, Shija, jina la Doto halikutajwa kwa miaka. Hatukukubaliana hivyo. Kila mmoja alikuwa anamlinda mwenzake, na kwa kulindana huko mtoto akafutika. Kulwa akakua anaitwa Kulwa, na watu wakimuuliza pacha wako yuko wapi, anatutazama sisi.

Likizo zote Kulwa alikuwa anapelekwa Kibaoni kwa bibi yake. Mwaka mmoja, mama yako ana mimba yako, nilikwenda kumchukua, na kwa kuwa nyumba ya bibi yako ilikuwa imebomoka ukuta wa nyuma nikaenda na matofali kwenye lori la mtu. Nikawa najenga. Kulwa alikuwa kama wa darasa la kwanza hivi. Akaja akanishika suruali, akaniambia, "Baba, njoo nikuonyeshe sisi."

Nikadhani picha. Akanipeleka chumbani kwa bibi yake. Kwenye kona kuna kile chungu, ndani yake bibi yako anaweka mbegu za mahindi, midomo yote miwili imezibwa kwa magunzi. Kulwa akachuchumaa, akaweka kidole kwenye madoa ya shingo ya kushoto. "Huyu mimi." Akahamisha kidole. "Huyu Doto." Halafu akafuata mistari ya shingo zote mbili kwa vidole viwili, ikashuka, ikakutana tumboni ikawa mstari mmoja. "Hapa tulikuwa pamoja kwa mama."

Nilikaa chini. Sikulia, ila nilikaa muda mrefu na mwiko wa kujengea mkononi, sementi ikakauka juu yake. Mtoto wangu alikuwa anamjua pacha wake kuliko nilivyomruhusu mimi.

Jioni, ukuta umekwisha, nikamwomba bibi yako anieleze michoro ile. Unajua mkwe wangu haongei sana na mimi, tunaheshimiana. Alieleza akiwa amegeukia jiko. Akasema madoa yale hayabashiri chochote kwenye maisha ya mtoto, hayana uganga, ni alama tu kwamba huyu ni mtu kamili na huyu ni mtu kamili. Mstari mwekundu ni damu ya kuzaliwa. Pale mistari inapokutana ni tumbo la mama.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo kile cha kwanza kupasuka..."

"Kilipasuka kwa sababu matofali yako yalikuwa mabichi," akasema. "Nilikwambia. Chungu hakimlindi mtu, baba. Kingekuwa kinalinda, mimi nisingekuwa nimezika watoto wangu. Chungu kinasema tu nani alikuja. Ningechora shingo moja ningekuwa nimesema uongo."

Nikamwomba nikichukue nikirudishe nyumbani. Akasema, "Kamuulize mkeo." Nikarudi Mpanda nikamuuliza mama yako. Alikuwa anapepeta mchele. Hakuacha kupepeta. Akasema, "Kiache huko. Huko kimeshazoea."

Nikamwambia basi na udongo, kama anataka. Akanionyesha viganja, akasema, "Mikono imeshatoka kwenye udongo."

Nilitegemea kitu kingine. Nilidhani mtu akitambua alipokosea, milango inafunguka. Mingine inafunguka. Huu haukufunguka, na mama yako hajawahi kunitupia maneno, tumeishi vizuri, umetuona. Lakini ndiyo sababu wewe ulifundishwa kufinyanga na bibi yako Kibaoni na si na mama yako hapa. Ukiwa mdogo ulikuwa unauliza kwa nini mama anatazama sana vyungu vyako na havigusi. Sasa unajua. Juzi nilimkuta anakigeuza kile kidogo ulichomfinyangia, anapitisha dole gumba ndani ya shingo, kupima unene. Aliponiona akakiweka.

Ulipozaliwa tukakuita Shija kwa kuwa umefuata mapacha. Si mtoto mmoja. Jina lako mwenyewe linasema walikuwa wawili. Nililikubali jina hilo kwa sababu ya kile chungu.

Kwa hiyo uliposema yale maneno kwa bibi yako, hukumkosea kwa kuwa una dharau. Ulimrudishia neno ambalo lilianza kwa shangazi yangu, likapita kwangu. Yeye alilisikia mara ya kwanza kwa mkwe wake, barazani hapa, na mara ya pili kwa mjukuu aliyemfundisha kazi. Nilipaswa kusema palepale, "Shija, hapana, si hivyo." Nimechelewa, ila nasema.

Sasa upande wako. Sikukatazi kuuza. Vyungu ni vya kuuza, bibi yako ameviuza maisha yake yote na kwa fedha hizo mama yako alisoma. Na sijui huko Dodoma mtafanya nini, wana magurudumu ya umeme, wana rangi zinazong'aa kama kioo, watakufundisha na ujifunze. Ninachojua ni jinsi inavyokuwa mtu akiwa na mkono mzuri na watu wanamsifu. Mimi nilikuwa na tanuru zuri. Sifa zilinifanya niuchukue udongo wa mtu mwingine nikautia kwenye moto wangu bila kuuliza maswali mawili. Kuuliza kungenichukua muda mfupi kuliko kupanga matofali safu moja.

Wiki iliyopita nilipokwambia nakwenda Kibaoni kudai mbao, sikwenda kwa mbao. Nilikwenda kumwambia bibi yako kwamba unaondoka. Miguu yake haiko sawa, hawezi tena safari ya basi, na kwenye simu nyie wawili mnaishia "shikamoo bibi, marahaba, hamjambo." Nikamkuta anaanika udongo. Nikamwambia habari yote, karakana, treni, na kwamba wanataka vyungu vya midomo miwili.

Aliendelea kuokota mawe kwenye udongo. Halafu akauliza, "Mkono wake unatetemeka bado kwenye madoa?"

Nikasema sijui, mimi naona yamenyooka.

"Kile cha dukani kilikuwa kimenyooka," akasema. "Kilinizidi. Ndiyo maana niliumia. Kingekuwa kibaya ningecheka."

Nikamwambia kwamba yale maneno ya Doto uliyapata kwangu. Akasema, "Najua yalikotoka." Hakulikuza. Akaendelea, na maneno haya nakuandikia alivyoyasema, nimeyarudia kichwani njia nzima nisiyapoteze:

"Mwambie Shija nilimkosea. Nilinuna badala ya kumfundisha. Nilimfundisha kuchora, sikumfundisha kuuliza, kwa sababu mimi kila chungu hicho nilikuwa nawajua watoto. Mwambie vingine vyote achore anavyotaka, ngozi ya nyoka, madoa, mawimbi, auze mpaka Ulaya. Hiki kimoja, aulize kwanza majina. Akikuta mama amejifungua mapacha huko, awe Mgogo, awe nani, asinisubiri mimi. Aulize majina, achore. Na kama mmoja amekufa, achore wawili."

Nikamuuliza, "Na hao wa karakana wakimwambia achore tu, bila majina?"

"Mkono ni wake, baba. Mimi nitakuwa Kibaoni, nitamshikaje?"

Kwa kina mama wafinyanzi wa kwao, "asinisubiri" si neno dogo. Mama yako alipolisikia aliacha alichokuwa anafanya. Aliniambia kwamba yeye mwenyewe, pamoja na kumpita mama yake kwa shingo nyembamba, hakuwahi kuambiwa. Chungu hicho anakitengeneza mkubwa mmoja tu kwenye ukoo mpaka atakapomtaja mwingine. Na bibi yako amekutaja wewe, kwa mdomo wake, na mimi nilikuwepo.

Nilipoaga, nikadhani nimalizie vizuri. Nikamuuliza kama nikuletee na neno la msamaha, ili usafiri moyo ukiwa mwepesi. Bibi yako akanitazama usoni, jambo ambalo kwa ukwe wetu hafanyi mara nyingi, akacheka.

"Msamaha wa nini?" akasema. "Mimi nimempa kazi."

Baba yako.